Mlima Uliosimama Gizani

Mwanangu, nikikumbuka siku ile huanza kuwataja waliokuwepo, maana jambo lenyewe liligusa kila mmoja wetu. Alikuwepo Citoyen Baguma, mtafiti; Citoyen, yaani raia, ndivyo watu walivyoitwa kwa heshima enzi zile. Alikuwepo Papa Bisimwa, fundi wa mashini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwepo Nabintu, mdogo wangu, aliyeniletea chakula. Na mimi, ambaye wote waliniita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa ndivyo wadogo zangu watatu walivyoniita tangu wazazi wetu walipofariki, nami nikaacha shule nikiwa mwaka wa pili wa sekondari.

Zilikuwa nyakati za Zaïre, kiangazi, katika chumba cha juu pale Nguba, mtaa wa kando ya ziwa. Asubuhi ziwa na mbingu vilikuwa rangi moja, hujui maji yanaishia wapi, na moshi wa vichaka vilivyochomwa ulipita juu yake polepole kama mtu anayetembea usingizini. Dirishani ilikaa mashini iliyopokea mwanga wa jua uliopita katika moshi ule, ikautenganisha kuwa rangi. Kompyuta ikachora mstari, panda shuka, panda shuka, kila rangi na kimo chake. Ningeweza kuutazama mstari ule hadi njaa ikanisahau.

Kazi yangu ilikuwa kuiambia programu ya kompyuta kilango cha mwanga kifunguke kwa muda gani, kingoje kiasi gani, kisha kifungwe. Na kila baada ya vipimo kumi, kipimo kimoja kichukuliwe kilango kikiwa kimefungwa, gizani kabisa. Hicho nilikiona upuuzi. Nani hupima giza? Jua lilikuwa la kuvizia, nami nilitaka vipimo vingi, ili Citoyen aone kwamba hata asiye na diploma anaweza kazi. Kipimo cha giza nikakiruka, mahali pake nikaandika sifuri. Sikumwambia mtu.

Zikapita wiki tatu. Ndipo siku ile Citoyen akaona mlima mdogo katikati ya mstari, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu.

"Yaya, unaona? Kila siku iko pale pale! Mu huu moshi muko kitu yenye mutu hajaandika bado!"

Akasahau sahani yake mezani. Nabintu akamcheka: "Citoyen, utakula bugali ao utakula mulima?"

Jumamosi alikuwa apande ndege kwenda Kinshasa kuuonyesha mlima wake kwa wakubwa. Wakiukubali, angepewa nafasi ya masomo Ulaya aliyoingoja miaka mingi. Papa Bisimwa alingoja Citoyen atoke kutafuta karatasi, akasogea karibu yangu.

"Mama, funga ka mulango. Sasa pima."

Nikapima. Hapakuwa na hata chembe ya mwanga iliyoingia. Mstari ukalala chini, tambarare, na katikati yake mlima ukasimama, uleule.

"Ile mulima iko ya nani?" akauliza kwa upole.

Ulikuwa wetu, mwanangu. Mashini ikipata joto huwa na mnong'ono wake, na ni kipimo cha giza tu kinachoufichua ili uondolewe katika hesabu. Nyani haoni kundule, na mashini vilevile. Wala hapakuwa na njia ya kurekebisha: kila siku ilikuwa na joto lake, na giza la jana halipimwi leo.

"Papa, bakinifukuza, hawa batoto batakula nini?"

Alimtazama Nabintu, akanitazama mimi. "Sijui. Mimi sitasema. Lakini ule mutu akifika Kinshasa na mulima ya uongo, yeye njo atakula nini?"

Mficha uchi hazai. Citoyen aliporudi na karatasi zake mkononi, nilimweleza yote, mdogo wangu akisikia.

"Vipimo yote?"

"Yote, Citoyen."

Alikwenda dirishani. Akaziweka karatasi zake juu ya mashini, mgongo wake kwetu, moshi ukipita.

"Saison sèche ingine utanipimia tena," akasema, akimaanisha kiangazi kijacho. "Na giza yake."

Nikaahidi. Hakunifukuza. Hakwenda Kinshasa pia, na nafasi ile ikachukuliwa na mwingine. Mvua zikaja, kompyuta ikafa, kipuri kikaagizwa na hakikufika. Citoyen akaenda kufundisha shule huko Kamanyola, na hatukuonana tena.

Basi sikia, mwanangu. Kabla hujawaambia watu umeona jambo, funga kilango chako kwanza, utazame kinachobaki. Kinachobaki ni chako. Kazi unayoiona haina maana, uliza maana yake kabla ya kuiacha. Na ukiharibu jasho la mtu, mwambie mapema, hata kama mkate wako uko mkononi mwake. Mungu akujalie macho yasiyoogopa giza, na akuwekee karibu mzee wa kukuuliza kwa upole.

Mimi, kiangazi kimoja cha Citoyen Baguma bado sijakirudisha.