Nyamaza Kidogo, Bosi

Siku niliyopata leseni ya kuendesha malori makubwa, mtaa wetu wa Riruta uligeuka ghafla kuwa ofisi ya ajira. Kinyozi alinishauri nitafute mwenye lori moja tu, maana mwenye malori mengi hamjui dereva wake hata kwa sura. Muuza mboga akasema hapana, nitafute kampuni yenye sare, mtu akiniona ajue nimeajiriwa. Binamu yangu, ambaye hajawahi kuajiriwa na yeyote, aliniambia nisikubali kazi iliyo chini ya thamani yangu. Na mama mmoja wa kanisani aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimemaliza kuzaa, kwa sababu alisikia kiti cha lori hugeuza tumbo la uzazi. Nilimwambia nitawaomba waniwekee mto.

Baba peke yake hakuwa na neno kuhusu sare wala mshahara. Yeye alikuwa na sharti moja, na akaapa kwamba mimi nikishika usukani wa mtu kabla ya kulitimiza, nisirudi nyumbani kumwamkia.

Baba mwenyewe alikuwa dereva wa lori mpaka alipopoteza mguu wa kulia. Siku hizi hukaa chumbani kwake, mlango wazi, mkongojo ukutani, redio ikinguruma kwa sauti ya kuamsha wafu. Redio hiyo haizimwi. Hupiga mpira, hupiga matangazo ya vifo, hupiga hata mahubiri ya lugha ambayo baba haielewi, mchana kutwa na usiku kucha. Jirani yetu wa ukuta mmoja amelalamika kwa mwenye ploti, kwa chifu na kwa Mungu, na wote watatu hawajafanya lolote.

"Mama," baba aliniambia. Huniita hivyo kwa sababu nilirithi jina la mama yake. "Kabla hujakubali kazi ya mtu, washa hiyo lori mpaka hewa ijae kwa tangi. Halafu zima. Kanyaga breki, ushikilie. Halafu umwambie huyo mdosi anyamaze kidogo, msikilize pamoja. Kama hewa inatoroka, utaisikia. Sss."

"Na kama haitoroki?"

"Bado utakuwa umejua kama mdosi anaweza kunyamaza."

Kwa asiyejua, breki za lori kubwa huendeshwa na hewa. Hewa ikivuja, huna breki, una matumaini. Baba alilijua hilo vizuri kuliko alivyopenda. Alikuwa akibeba kokoto, na asubuhi moja akiwa na tajiri wake kando yake, aliisikia. Akasema, "Bosi, ni kama nasikia hewa." Bosi akaongeza sauti ya redio ya lori, akamuuliza, "Na sasa unasikia?" Baba, mtu wa heshima zake, akacheka kidogo na kuingiza gia. Kwenye mteremko lori halikusimama. Bosi aliruka akachubuka kiwiko. Baba alibaki na usukani, akalielekeza lori kwenye ukingo wa udongo ili lisiwafikie watu waliokuwa wakisubiri magari huko chini, na mguu wake ukaishia hapo.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Baba alisikia la mkuu, akalitii, na guu likavunjika hivyo hivyo. Tangu nijue kisa hicho, methali ile naikasirikia.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asizime redio yake hata anapolala. "Nikizima, naisikia ile hewa," alisema. Kisha akauliza kama kuna chai iliyobaki.

Basi nikaanza kutafuta mwajiri anayejua kunyamaza. Katika jiji la Nairobi. Ningeambiwa nitafute ng'ombe anayepanda ngazi ningefika haraka zaidi.

Wa kwanza alikuwa mtaani kwetu, mzee wa kanisa mwenye ploti za kupangisha na tipa moja ya mchanga iliyoandikwa "Neema Yatosha" kwenye paji la uso. Alinipokea vizuri. Alinieleza juu ya ukosefu wa nidhamu kwa vijana, uvivu wa wapangaji, na jinsi alivyoanza na toroli moja. Toroli ile ilichukua muda mrefu kuliko safari ya Mombasa. Nilipopata nafasi nikawasha tipa, hewa ikajaa, nikazima, nikakanyaga breki.

"Mzee, naomba tunyamaze kidogo, tusikilize breki."

"Vizuri sana, binti yangu. Kimya ni jambo la busara," akasema. Kisha akavua kofia, akafumba macho, akaanza kuomba kwa sauti. Aliombea tipa, aliombea barabara ya Naivasha, aliombea viongozi wa nchi, aliombea wapangaji wa chumba cha tatu Mungu awalainishe mioyo. Katikati ya maombi, alipokuwa anavuta pumzi aingie kwa viongozi wa kaunti, niliisikia wazi chini ya miguu yangu. Sss. Aliposema amina sindano ya kipimo cha hewa ilikuwa imeshuka nusu.

"Mzee, hewa inavuja."

"Hii gari imeombewa na askofu mwenyewe," akanijibu. "Wewe imani yako ni ndogo." Nilimshukuru, nikashuka. Imani yangu ni ya kutosha, lakini sikuwa tayari kuikanyaga kwa mguu kwenye mteremko.

Wa pili alikuwa katikati ya jiji, ghorofa ya nne, juu ya maduka ya simu. Tangazo lilisema madereva wa malori wanahitajika haraka. Kijana aliyevaa suti iliyobana alinikalisha, akaniambia sasa nimefika, nisahau shida.

"Lori liko wapi?" nikauliza.

"Lori iko Qatar."

"Basi siwezi kusikiliza breki."

"Hizo breki ni za kizungu, sistee. Hizo hazina maneno."

Tulikaa kimya kidogo tukitazamana, na nakiri kwamba kimya kile kilikuwa safi kuliko vyote nilivyopata mjini, kwa kuwa hapakuwa na lori la kukivuruga. Nikateremka ngazi.

Wa tatu ndiye aliyenitesa. Ilikuwa kampuni kubwa yenye ofisi Parklands, zulia sakafuni, maji ya kunywa yenye vipande vya limau. Meneja aliyenihoji alikuwa na cheo kirefu kuliko trela. "Sisi hapa ni family," aliniambia, nami nikaogopa kidogo, kwa sababu familia ninaijua. Akaniuliza ninajiona wapi baada ya miaka mitano.

"Ndani ya lori," nikasema, "na miguu yote miwili."

Alitabasamu kama mtu aliyepewa jibu la kitabuni. Tukaenda nyuma ya jengo, palipokuwa na lori jipya, jeupe, linalonukia plastiki. Lilikuwa na kamera ya kuangalia barabara na nyingine ya kuangalia macho yangu nisisinzie. Nikaeleza nia yangu. Meneja akaniona mtu wa ajabu, lakini alikuwa amefundishwa adabu, akakubali kunyamaza.

Tatizo likawa lori. Nilipozima injini, likaanza kulia kwamba injini imezimwa. Nilipofungua mlango nisikie vizuri, sauti ya mwanamke ikaniambia kwa Kiingereza cha upole kwamba mlango uko wazi. Nikaufunga, akaniambia nifunge mkanda. Nikafunga mkanda, simu ya meneja ikaita, akaipokea kuwaambia watu kwamba hawezi kuongea, na akawaeleza kwa kirefu kwa nini hawezi kuongea. Alipomaliza alinionyesha kioo cha tableti yake. Kila kitu kilikuwa kijani.

"Unaona? Hapa sisi hatusikilizi gari," akasema kwa fahari. "Tunasoma gari."

"Na tableti ikikosea?"

"Kuna backup."

Sijui mpaka leo kama lori lile lilikuwa linavuja. Pengine lilikuwa zima kama yai. Walinipa kazi siku hiyo hiyo: bima ya matibabu, sare mbili, viatu vya chuma. Niliitaka kazi ile. Niliitaka mpaka nikaanza kupanga njiani jinsi nitakavyomwambia baba kwamba meneja alinyamaza. Kwa kweli alinyamaza, ukiondoa simu ile; lililopiga kelele ni lori. Lakini nilipofika nyumbani nikamkuta anajikokota kwa mkongojo kuniletea kikombe cha uji, redio ikimpigia kelele mgongoni, na uongo wenyewe nikauacha mlangoni.

"Alinyamaza?" akauliza.

"Hapana, Baba."

Alinipa uji.

Binamu yangu alipojua nimekataa Parklands aliitisha kikao cha ukoo kwa simu. Shangazi alilia. Wote walikubaliana kwamba baba ananiharibia maisha kwa sababu yake yalikwisha kuharibika. Neno hilo liliniuma, na lililoniuma zaidi ni kwamba hata mimi lilikuwa limenipitia kichwani.

Wa nne nilielekezwa na muuza mboga, kwa dharau, kama mtu anavyotupia mbwa mfupa. Ni mama mmoja wa mtaa wa Jamhuri aliyekuwa na lori la maji, kuukuu, tangi lake limepakwa rangi ya buluu mara nyingi mpaka likavimba. Sifa yake ilikuwa moja: mdomo. Madereva walimkimbia. Nilipofika alikuwa anagombana na watu wawili kwa pamoja, mmoja akiwa mbele yake na mwingine kwenye simu.

"Wewe ndiye dereva? Mbona umevaa ni kama unaenda ruracio kulipiwa mahari?"

"Shikamoo, mathe."

"Wacha shikamoo, mteja anangoja maji. Anza."

Nikawasha. Hewa ikajaa pole pole, nikazima, nikakanyaga breki. Nilijua huyu ndiye nitakayemkosa kwa hakika. Nikachungulia dirishani. "Mathe, naomba unyamaze kidogo tusikilize breki."

"Ninyamaze?" akasema. "Mimi?"

"Tafadhali."

Aliniangalia kwa muda. Kisha akamgeukia fundi wa mageti aliyekuwa akichomelea pembeni na kumwambia azime mashine yake. Akamwambia mlinzi afunge redio. Akamwambia aliyekuwa mbele yake kwamba ugomvi wao utaendelea baadaye, palepale walipouachia. Akakata simu. Halafu yeye mwenyewe, ambaye nilikuwa nimeambiwa huongea hata akiwa amelala, akafunga mdomo.

Ikasikika. Sss. Nyembamba, ya aibu, kama mtu anayesengenya kanisani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mama yule aliinama. Alipiga magoti kwenye matope akiwa na gauni lake la heshima, akatambaa kutoka gurudumu hadi gurudumu, sikio karibu na tairi, mkono mmoja juu akituonya tusipumue. Mimi huku mguu wangu ulikuwa juu ya pedali na machozi yananitoka, sijui ya nini.

"Ni huku," akasema kutoka chini. "Nyuma, left. Na yule mjinga wa jana aliniambia ni mbu!"

Akasimama, akajipangusa magoti, akapiga simu. "Maji haikuji leo. Breki imeharibika. Ndio, najua uko na wageni. Wataoga kesho." Akakata. Kisha akanigeukia. "Fundi wa breki ataikarabati. Kesho uje usikize tena, ukiridhika uanze. Lakini usizoee kuninyamazisha."

Nilifika Riruta jua likiwa bado juu. Redio ilikuwa inatangaza bei ya mahindi. Baba hakuuliza ni kampuni gani, wala lori lina umri gani, na ni vizuri, maana ningeona haya kumwambia.

"Alinyamaza?"

"Alinyamaza, Baba. Akanyamazisha mpaka na fundi wa kuchomelea. Hewa ilikuwa inavuja, akaingia chini kuitafuta na magoti yake."

"Na gari?"

"Haikutoka."

Baba aliinamisha kichwa. Aliisema tena polepole, gari haikutoka, kama mtu anayejaribu kiatu. Kisha akanyoosha mkono mpaka kwenye meza na kuzima redio, akalala kitandani na uso ukutani.

Niliketi mlangoni nikimlinda, sijui dhidi ya nini. Haikupita muda jirani yetu wa ukuta mmoja, yule wa chifu na Mungu, akaja mbio na ndala mguu mmoja, amejifunga leso, uso umemshuka.

"Pole, dada," akaninong'oneza. "Nimesikia kimya. Mzee ametuacha saa ngapi?"

"Hajatuacha," nikamwambia. "Amelala."