Bakapu ya Mume Wangu Haina Kitu Ndani

Admin, nifichie jina, na la mume wangu pia, ingawa yeye angependa la kwake liandikwe kwa herufi kubwa.

Nina miaka arobaini na tatu. Nimeolewa Kabuchai, lakini tunaishi Kitale. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe kwa sindano, kwa mbegu ya fahali wa kuchaguliwa, na wakulima huniita daktari. Kwa miaka kumi na mmoja nimeandika kila ng'ombe niliyemhudumia: mwenye ng'ombe, mama wa ng'ombe, fahali aliyetumika, siku. Rekodi hizo ndizo biashara yenyewe. Bila hizo unaweza kumpandisha mtamba kwa baba yake mzazi bila kujua, na mnunuzi wa maana hagusi mtamba asiyejulikana ukoo.

Mume wangu ndiye huendesha projekta kanisani, kwa hivyo mtaa mzima unamwita mtu wa kompyuta. Miaka minne iliyopita aliamua kwamba vitabu ni ushamba. Tukahamishia kila kitu kwenye programu ya mtandaoni. Nasema tukahamishia, lakini aliyechapa kwa miezi mitatu ni mimi. Kazi yake ilikuwa kuchoma vitabu vya zamani pamoja na mabua ya mahindi, na kuwaambia wakulima waache kutunza zile kadi za ukoo wa ng'ombe tulizokuwa tukiwapa.

"Iko kwa klaudi, Mama Junia," aliniambia. "Klaudi ni wingu. Ushaona mwizi akipanda huko?"

Nikamuuliza, "Na ikifutika?"

"Ifutike aje, na bakapu niko nayo?"

Bakapu yake, yaani nakala ya akiba, niliiona kila Ijumaa. Alichomeka flashi kwenye kompyuta, akakunja uso kama daktari wa upasuaji, akaburuta kitu, akachomoa, akaitia kwenye zipu ya jalada la Biblia. "Imeingia." Miaka minne, hakukosa Ijumaa hata moja. Na mimi, mtu ninayekagua mbegu mara mbili kabla ya kumgusa ng'ombe, sikuwahi kuifungua hiyo flashi hata mara moja. Hilo ni kosa langu na ninalikubali.

Mwezi wa tatu alinipigia mzee mmoja wa Ndalu. "Daktari, huyu mtamba wangu amepanda joto, anataka fahali. Baba yake alikuwa nani? Nisije nikamwoza mume akawa ndiye baba yake mzazi." Tukacheka. Nikafungua programu, ambayo sikuwa nimeigusa tangu Krismasi kwa sababu huwa nachapa kwa mafungu. Hakuna kitu. Si mzee huyo tu. Hakuna mkulima hata mmoja.

Nilimwita mume wangu. Hakushtuka. Alieleza kwa fahari kwamba nafasi ya mtandaoni ilikuwa imejaa, na alihitaji pa kuweka video za kwaya, kwa hivyo miezi miwili nyuma alifuta folda kubwa zaidi. Kisha akaenda kwenye pipa la takataka la programu akafuta na huko, "ndio isibaki uchafu."

"Na sasa unasumbuka na nini bana? Si bakapu iko?"

Tukafungua flashi. Ndani mlikuwa na alama ndogo, kila moja na mshale pembeni. Kwa asiyejua: hiyo si faili. Ni kitu cha kubofya ili kikupeleke faili ilipo. Kwa miaka minne alikuwa akinakili mlango na kuacha nyumba. Nilibofya moja mbele yake. Kompyuta ikajibu kwamba kinachotafutwa hakipo.

Akasema, "Flashi ni feki."

Niliwaandikia wenye programu. Wakajibu kwa adabu kwamba muda wa kurudisha kilichofutwa ulikuwa umepita.

Mzee wa Ndalu nilimsaidia kwa fahali mpya ambaye hajawahi kutumika huku kwetu. Lakini wakulima wengine wanataka hati za ukoo ili wauze mitamba wao, na hapo ndipo mume wangu alipotoa ushauri wake: "Andika tu fahali yeyote. Kwani ng'ombe ataenda kortini?"

Huyu ni mtu aliyevunja posa ya binti ya dada yake kwa sababu kijana alitoka ukoo wa nyanya ya msichana. Alikaa siku nzima akihesabu vizazi kwa vidole, bila kompyuta. Lakini ng'ombe wa watu niwabunie baba.

Nilikataa. Njia iliyobaki ni kadi za zamani. Nimepita maboma kadhaa Kabuchai na nimegundua kwamba akina mama wengi hawakumsikiliza, Mungu awabariki. Wameziweka kabatini pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kadi zikikusanywa haraka, naweza kurudisha sehemu kubwa. Ila lazima niseme kwa nini ninazitaka, na yeye ameshatangazia kila mtu kwamba "tunaboresha sistimu." Mama mkwe amenipigia simu kuniambia mwanamke hamvui mumewe nguo hadharani. Nikamjibu, "Mama, alijivua mwenyewe. Mimi natafuta tu ng'ombe."

Sasa sikieni. Alhamisi kuna semina ya wakulima huko Mabanga. Wateja wangu karibu wote watakuwepo. Mume wangu amealikwa azungumze kuhusu kutunza rekodi za mifugo mtandaoni. Amenunua koti. Jana alinisomea hotuba, na sehemu ya bakapu ndiyo ndefu zaidi. Mimi nimepangiwa kukaa karibu naye na kumbofyia picha za projekta.

Nikisimama niseme ukweli na kuomba kadi, nitapata rekodi zangu na pengine nitapoteza nyumba yangu. Nikinyamaza, wakulima watarudi nyumbani wakachome kadi zilizobaki, kwa sababu ndivyo hotuba inavyowaambia.

Nyinyi mlio kwenye ndoa na mlio na mifugo, nisaidieni kuamua kabla ya Alhamisi: nimbofyie picha, au nimnyang'anye kipaza sauti?