Jeneza la Babu Lililozidi Futi Moja

Saa moja asubuhi, seremala wa majeneza anapokea kamba. Mwanamke aliyeileta haketi. Kamba ina mafundo mawili, moja la kichwa, jingine la miguu, na urefu wake haufiki mita moja. Fundi anaitandaza mezani, anaipima mara mbili, kisha anashika msumeno.

"Maiti sipimi mimi," anasema fundi, mama yule akishaondoka. "Ndugu wanapima kwa kamba, wananiletea. Ukipima mwenyewe, mikono inakataa kazi."

Mtaani wanamwita Sentimita. Jina hilo alipewa na babu yake, aliyekuwa mwenye karakana hii, aliyemfundisha useremala tangu akiwa na miaka kumi na mitano. Leo ana hamsini na mmoja, kifua kimejaa vumbi la mbao, na kwa wiki hutengeneza majeneza manne au matano.

"Kufa kufaana, wanasema. Mimi huwa sicheki."

Jeneza asilolisahau ni la babu huyo, aliyefariki miezi minne iliyopita. Shangazi yake, binti wa marehemu, alimuuliza kama alete kamba. Sentimita akakataa.

"Nilimwambia, shangazi, babu huyu mimi ni wa kuletewa kamba yake? Nikapima kwa kichwa. Nikamtengenezea yule babu aliyenifundisha kazi, mrefu kama mlango. Kumbe uzee ulishampunguza."

Siku ya mazishi, jeneza lilipoinuliwa, marehemu aliteleza ndani, akagonga ubao wa miguuni. Ko! Kilio kikakatika. Lilikuwa limezidi futi nzima.

"Niliona aibu, nikatamani nibadilishane naye."

Miongoni mwa wabebaji alikuwa mdogo wake, dereva wa lori. Walikuwa na miaka tisa bila kusemeshana, tangu babu alipoacha kazi nao wakaigombania karakana hii. Mkubwa alibaki nayo, mdogo akaondoka na randa kubwa ya babu, na kila mmoja akamwita mwenzake mwizi.

Jeneza likatuliwa. Dereva akavua koti lake, akainua kifuniko, akalisokomeza miguuni pa babu. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Sentimita wewe? Bora wangekuita Kilomita."

Wa kwanza kucheka alikuwa shangazi, machozi yangali yakimtoka. "Baba kalalamika maisha yake yote kwamba nyumba ni ndogo," alisema. "Haya, kapata yenye uwanja."

Sweta zikafuata, mitandio ikafuata, mpaka marehemu akatulia. Baada ya kuzika, jamaa thelathini na wawili walirudi nyumbani wakitetemeka kwa baridi, wakajazana sebuleni, wengine wamepakatana kwa kukosa viti, wakacheka mpaka jioni. Majirani walidhani wamekosea nyumba. Ndugu wale wawili walikula sahani moja.

Furaha ile haikukaa. Baada ya mwezi simu zilipungua, kisha zikakatika. Sasa shangazi anaumwa, hawezi kuketi bila kushikiliwa, na daktari amewaambia wasitegemee mengi.

"Sisi tunakutanishwa na kamba tu," anasema Sentimita. "Nataka shangazi atucheke tena wakati angali anatuona."

Nyuma ya karakana kuna mbao tatu ndefu. Ni za benchi la ukoo, la kukalia siku ambayo hajafa mtu. Zimepinda kidogo, na randa yake ndogo hainyooshi urefu huo. Inatakiwa ile ya babu. Juzi alipiga simu.

"Nilimwambia, mdogo wangu, karakana ni yetu sote, njoo na randa Jumapili. Akasema, 'Nitakuja, kaka, nitakuja na baridi yangu. Koti si liko kwa babu?'"

Anatabasamu, kisha anapitisha kiganja juu ya ubao, taratibu, akitafuta palipopinda.

"Akija, benchi litakwisha siku hiyohiyo, tumbebe shangazi tumkalishe katikati. Asipokuja, mbao hizi hazitakosa kazi, na kamba nitakayoletewa naijua ni ya nani."