Mchanga Mwekundu wa Chalbi

Kwenye kabati la vyombo la mdogo wangu, kule Kawangware, kuna chupa ya soda iliyojaa mchanga mwekundu, na kwa zaidi ya miaka thelathini nimeichukia chupa ile kama mtu anavyomchukia mke mwenza. Mgeni hamalizi kikombe cha chai kabla hajaonyeshwa. "Huo ni mchanga wa jangwa la Chalbi," mdogo wangu husema, "niliuleta mwenyewe nikiwa na miaka minane." Kisha hukaa vizuri kwenye kochi na kuanza: vilima vya mchanga mwekundu, ngamia wasiohesabika, visima vinavyoimba vyenyewe vikiwa na maji. Mimi huomba niongezewe chai ili nipate cha kufanya na mdomo wangu.

Baba yetu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka viazi na maharagwe kaskazini, Marsabit na kuendelea hadi vituo vya jangwani, akarudi na mbuzi. Tuliishi mtaa wa mabanda wa Silanga, chumba kimoja, na nyuma ya mlango palikuwa na msumari wa koti lake. Koti la kijani, zito, linanuka dizeli. Alikuwa na koti hilo moja tu la safari, na mtoto aliyethubutu kuligusa alikiona cha mtema kuni.

Alituahidi kutupeleka jangwani mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Mkubwa ni mimi. Wiki ya kuondoka nikaugua matubwitubwi. Mashavu yalinivimba nikawa kama nimeficha maandazi mdomoni, mama akanifunga leso kutoka kidevuni hadi utosini, na baba akambeba mdogo wangu badala yangu. "Wewe ni safari ijayo," aliniambia mlangoni.

Walikaa siku tisa. Mdogo wangu akarudi na chupa. Nilipouliza habari ya safari yangu, baba alisema lori limejaa. Mara nyingine alisema barabara ina shifta, wale majambazi wa kaskazini. Mwishowe alisema tu, "Tutaona," na mimi nikaelewa nilivyotaka kuelewa, kwamba mtoto aliyependeza kusafiri naye alishampata. Baba akafariki bila kunipeleka. Mdogo wangu akaolewa, na chupa nayo ikaolewa.

Aliolewa na watu wenye ploti zao tangu zamani, nyumba ya mawe, mfereji wa maji ndani, na mama mkwe anayemwita "mtoto wangu". Hayo yote nilimsamehe, Mungu ni shahidi. Jangwa ndilo sikumsamehe.

Sasa, sisi akina mama tunaouza mboga na makaa karibu na bwawa la mtaani kwetu tuna chama, na kila mwaka chama hutoka matembezi. Tumeshaenda Nakuru, tumeshaenda Naivasha kula samaki ambao tungewala hapa jirani, mtaa wa Kisumu Ndogo, bila kupanda gari. Mwaka jana nilisimama mkutanoni nikasema twende Chalbi. Walinitazama kana kwamba nimependekeza twende jela.

"Mama, si jua tuko nalo hapa hapa?" mweka hazina aliniuliza. "Huko tunaenda kuona nini?"

Niliwaeleza juu ya mlima wa Marsabit wenye ziwa ndani ya shimo la volkano, ngamia, visima, chemchemi katikati ya ukame. Nilisema nimesoma kwamba wazungu hutoka kwao kuja kuyaona hayo. Nilisema mengi. Nilichoficha ni kwamba nilitaka kuona kila alichoona mdogo wangu, halafu nione kimoja zaidi.

Tulikodi gari, tukalala Marsabit, na asubuhi tukakuta ukungu na baridi kali, akina mama wakanigeukia wakauliza jangwa liko wapi. Ziwa lilikuwa chini kabisa, limezungukwa na msitu, na tembo wawili wakinywa. Nilifurahi sana kwa sababu mdogo wangu hakuwahi kutaja tembo.

Kisha tukapelekwa visimani. Niliinama kusikiliza kisima kikiimba. Kilikuwa kimya. Walioimba ni wanaume, wamesimama ndani mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo kutoka chini hadi kwenye hori la ng'ombe. Mgabra mmoja, mwenyeji wa huko aliyetuongoza, alisema kila ukoo una wimbo wake na ng'ombe wanaujua. Nikawaza: mtu aliyewahi kusimama hapa anawezaje kusema kisima kinaimba chenyewe?

Siku ya tatu tukafika Chalbi. Gari lilishuka kwenye uwanja mweupe, tambarare, umepasuka-pasuka, hauna mwisho. Mbele yetu palikuwa na maji yanayong'aa ambayo kila tukiyakaribia yalisogea, na mweka hazina akapiga kelele kwamba tutazama. Yalikuwa mazigazi, maji ya uongo. Nilishuka nikaokota udongo nikauweka ulimini. Chumvi.

"Mchanga mwekundu uko upande gani?" nilimwuliza kiongozi wetu.

"Mwekundu? Hapa hakuna, mama. Hapa ni chumvi tu."

Akina mama walikwenda kupiga picha na ngamia kwenye chemchemi ya Kalacha, chini ya mikoma, ile mitende ya jangwani. Mimi nilibaki nimechuchumaa juani nikijaza chupa ya soda udongo ule wa kijivu, na nilicheka peke yangu. Nilicheka mpaka machozi. Miaka thelathini na kitu nimeonea wivu mtu ambaye hakufika!

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kawangware bila kualikwa. Mama mkwe wake alikuwepo, na mumewe, na majirani wawili, na nilishukuru kwa kila mmoja wao. Nilitoa chupa yangu kwenye kikapu nikaisimamisha kabatini kando ya ile nyekundu. "Na mimi nimetoka Chalbi," nilisema, nikakaa.

Mama mkwe alivaa miwani. "Mbona haifanani?" aliuliza. "Moja ni nyekundu, nyingine kama majivu."

Nilishafungua mdomo. Maneno nilikuwa nayo tayari, nilikuwa nimeyafanyia mazoezi njia nzima kutoka Marsabit. Mdogo wangu akasimama. "Sis, kuja unisaidie chapati kwanza," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka minane.

Jikoni hakukuwa na chapati. Alifunga mlango.

"Unajua sikufika," alisema.

"Najua."

"Nililia, sis. Kutoka Thika mpaka Isiolo nilikuwa nalia nakutaka wewe. Nilikuwa nasema siendi bila dada. Baba alichoka, akaniacha Isiolo kwa mama mmoja wa hoteli, nikakaa huko nikiosha vikombe mpaka aliporudi. Mchanga baba aliuchota mtoni, Archers Post, akirudi, akaniletea Isiolo. Hizo stori zote alinifundisha kwa lori tukirudi, ndiyo mama asijue aliniacha na mtu hatumjui. Akaapa hatawahi kubeba mtoto tena." Alijifuta pua kwa kanga. "Safari yako ni mimi niliiharibu. Ningekuambia aje?"

Nilikuja kumwaibisha mbele ya wakwe, na kumbe kosa lake lilikuwa kunililia mimi. Mtu mwema angemkumbatia papo hapo. Mimi niliuliza swali.

"Kwa lori ulikuwa unakaa wapi?"

"Katikati, juu ya injini. Kulikuwa na joto mchana, lakini jioni upepo ulikuwa unaingia kwa mlango." Akafikiri kidogo, akatabasamu. "Baba alikuwa ananifunika na koti lake."

Tulirudi sebuleni. Mama mkwe aliuliza tena kuhusu zile chupa, nami nikamwambia jangwa ni kubwa, lina udongo wa kila namna. Mdogo wangu alinimiminia chai, na ninampenda, sina mwingine. Nimeona tembo, nimeona visima, nimeonja Chalbi kwa ulimi wangu. Niliinywa ile chai yote bila kuinua macho, kwa sababu nilikuwa naonea wivu koti.