Foleni ya Jumatano

Jumatatu ilikuwa siku ya wajawazito, Jumanne siku ya vidonda, Jumatano siku ya kaswende. Kila aliyeishi karibu na mgodi wetu mdogo, upande huu wa Geita, aliujua mpangilio huo, hata asiyejua kusoma. Ukimwona mtu kwenye foleni ya hospitali siku ya Jumatano, huna haja ya kumuuliza anaumwa nini. Mwaka juzi nilisimama kwenye foleni hiyo, mwalimu mpya mwenye cheti, suruali ya kaki imepigwa pasi, na hasira ya siku zile haijaniisha mpaka leo.

Kilichonifikisha pale ni kutoa damu.

Kaka wa mchumba wangu alikuwa mchimbaji. Asubuhi moja jiwe lilimwangukia paja, wenzake wakamtoa shimoni kwenye blanketi lililolowa damu. Mimi niliitwa kutoka darasani kwa sababu nilikuwa karibu kuwa mtu wa ukoo. Nilikuta wachimbaji wamejaa mbele ya hospitali. Daktari, Mzungu kijana ambaye hakuwa amemaliza hata mwaka mmoja nchini, alitoka na aproni yake, akamwambia dresa wake, msaidizi aliyefunga vidonda na kumtafsiria, aulize nani atamtolea mgonjwa damu. Dresa aliuliza kwa sauti. Watu wakarudi nyuma.

"Nenda wewe," mchimbaji mmoja alimwambia mwenzake. "Wewe ndiye unayekula nyama kila siku."

"Niende kwa mumiani kwa miguu yangu? Leo wanataka chupa moja, kesho wanakufuata nyumbani na ndoo."

Wakacheka, lakini hakuna aliyesogea. Nilikasirika. Mwenzao anakufa ndani, wao wanacheka! Mimi nilikuwa nimesoma mzunguko wa damu chuoni na niliweza kuuchora ubaoni kwa chaki za rangi mbili. Nikasema nitatoa mimi. Baba wa mchumba wangu, aliyekuwa amekaa kwenye ngazi na kofia yake mkononi, aliinuka akanishika bega.

Walichanganya tone la damu yangu na la mgonjwa kwenye kioo, wakaona yanapatana. Nikalazwa, mpira ukachomekwa mkononi, chupa ikajaa. Walichota pia kichupa kidogo cha kupeleka mjini kupimwa, lakini mgonjwa hakuweza kusubiri majibu ya mjini. Damu yangu ikaingia mwilini mwake siku ile ile, akaishi.

Siku zilizofuata nilikuwa mtu mkubwa. Mchumba wangu aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Baba yake alianza kuniita mkwe mbele za watu, wakati harusi ilikuwa bado, tukisubiri pamba iuzwe. Familia yao ilitoka Usukuma ya mashariki kama yetu, ikahamia Geita kutafuta ardhi, na mzee alifurahi kumpata mkwe anayejua alikotoka.

Kisha majibu yakarudi. Niliitwa barazani, si ofisini, na barazani palikuwa na benchi lililojaa akina mama. Daktari aliniambia kwa Kiingereza. Nilimwelewa mara moja, lakini dresa alirudia kwa Kiswahili, kwa sauti ile ile anayowaitia watu:

"Bwana Daktari anasema damu yako ina kaswende. Uje Jumatano uanze sindano."

Nilimwinamia daktari nikamwambia kwa Kiingereza, polepole, kwamba sijawahi kulala na mwanamke. Alitabasamu bila kuinua kichwa.

"Wote husema hivyo," alisema.

Usiku na mchana nikawa na kazi moja tu, kutafuta nilikoupata ugonjwa huo. Nilikumbuka choo cha bweni chuoni. Nilikumbuka suruali niliyoazima kwa mwenzangu kwa ajili ya picha ya kuhitimu, na wembe wa kinyozi wa Shinyanga sokoni, aliokuwa akiupangusa kwenye paja lake. Nilijikagua kwa kipande cha kioo kila asubuhi, na kila kipele kilikuwa ushahidi. Kitabu cha afya kilisema ugonjwa huo mwishowe hupanda kichwani. Basi siku niliposahau jina la mwanafunzi darasani nilijua umeshafika. Sijui kama kuna mtu aliyewahi kuugua sana kama nilivyougua mimi, na hakuna kiungo kilichoniuma.

Mzee alikuja nyumbani kwangu kabla hata sijachomwa sindano ya kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Shikamoo yako kaa nayo." Hakuvuka kizingiti. "Mwanangu alikuwa na mguu uliovunjika tu. Sasa ana mguu uliovunjika na uchafu wako ndani ya mishipa. Umemtilia kwa mpira, mchana kweupe, na mimi nikakushukuru!"

"Baba, mimi sikujua. Na wala sija—"

"Binti yangu usimtafute. Yupo karani wa pamba aliyemuulizia zamani. Pamba ikiuzwa, harusi itakuwepo, ila si yako."

Akaondoka. Na Jumatano nilikwenda. Nilipanga foleni nyuma ya wapiga ngoma na wauza pombe. Foleni ilipita kando ya ua wa shule, na wanafunzi wangu, waliofundishwa adabu na mimi mwenyewe, wakaniamkia kwa pamoja kwa sauti ya kuimba: "Shikamoo, mwalimu!" Nikaitikia marahaba. Ungefanya nini?

Habari mbaya hupanda lori kama watu. Mama yangu aliisikia mnadani kwetu Kishapu, akaja juu ya magunia ya mtama, vumbi mpaka kwenye kope. Hakukaa, hakunywa maji.

"Umetembea na nani?"

"Sijatembea na mtu, mayu."

Alinitazama kwa muda, kama anavyomtazama mnunuzi wa ng'ombe. Kisha akasema, "Vua suruali."

"Mayu! Mimi ni mwalimu."

"Nilikuogesha kabla hujawa mwalimu. Vua."

Alinigeuza mguu, akaweka kidole chini ya goti, penye baka jeupe, laini, ambalo nilikuwa nimeishi nalo maisha yangu yote bila kulifikiria.

"Hili ni nini?"

"Kovu. Nilianguka, nadhani."

Alipiga makofi mara moja kwa hasira. "Ulianguka! Hii ni buba. Uliota vidonda mwili mzima, nzi wakakufanya nyumba yao. Serikali ilileta sindano za buba, nikakubeba mgongoni mpaka zilikokuwa zikichomwa, tukalala njiani. Ugonjwa ulioupata wewe ni huo, na waliutibu wenyewe. Wamesahau? Twende."

Sikuona buba ingesaidia nini, lakini hakuna anayembishia mama yangu akiwa amefunga khanga namna ile. Tulimkuta daktari ofisini. Mama hajui Kiingereza na Kiswahili chake ni cha mnadani, kwa hiyo alisema Kisukuma na mimi nikatafsiri. Alisema kwa kirefu. Aliwataja nzi, alitaja njia, alimtaja baba yangu aliyekufa, akauliza ni mama gani aliyemzaa mtu anayemtukana mtoto wa mwenzake mbele ya benchi. Nikasema, "Mama anakumbusha kwamba nilipata buba nikiwa mtoto."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Buba? Kwa nini hukusema?"

"Hukuniuliza, bwana."

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba kipimo kile hakiwezi kutofautisha buba na kaswende. Mtu aliyewahi kupata buba, damu yake huweza kutoa jibu lile lile miaka mingi baadaye. Katika nchi hii, akasema, pengine ni watu wengi sana.

"Basi sina kaswende?"

"Sijui. Labda. Lakini tatizo ni nini? Dawa ni ile ile."

Nilimtafsiria mama. Akasema, "Mwambie hivi. Mtu akimwita baba yake huyu daktari mwizi sokoni, halafu akampa daktari chai, atakunywa aseme tumemaliza? Mwambie hivyo. Na mara hii usifupishe. Nimekusikia. Mimi nasema maneno mengi, yakitoka kwako ni machache."

Sikufupisha. Nilimtafsiria neno kwa neno, na nikaongeza la kwangu: kwamba ananiharibia ndoa, na kwamba nataka amweleze baba wa mchumba wangu kama alivyonieleza mimi. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka masikioni.

"Mimi ni daktari," alisema. "Si mshenga. Tokeni."

Basi mama akawa mshenga. Alikwenda kwa mzee siku ile ile, mimi nyuma yake. Mchumba wangu alikuwa jikoni. Nilisikia mchi ukisimama kwenye kinu tulipoingia uani. Mama alipewa kigoda. Alisalimia, akaulizia mgonjwa, akaulizia mvua. Halafu akaitazama miguu ya mzee kwenye makatambuga yake, nyayo zilizokakamaa na kupasuka pembeni.

"Mwenzangu, hiyo miguu ilifanywa na nini?"

"Buba," mzee alisema. "Nilipokuwa mdogo nilitembelea ukingo wa nyayo, kama kaa. Nani hakupata buba siku zile?"

"Hata mwanao wa mgodini?"

"Wote walipata. Unauliza nini?"

Mama akamwambia alichokisema daktari. Mzee akacheka, kicheko kibaya. "Mwanao anakuja na kaswende, wewe unanitazama miguu!"

"Kapimwe basi. Damu yako ikiwa safi, mpe karani binti. Mimi nitamchukua mwanangu turudi Kishapu, na hutasikia tena habari zetu."

"Nikapimwe kaswende? Mimi? Nina wajukuu."

"Unaogopa?"

Mzee hakuwahi kuogopa kitu mbele ya mwanamke, na hakutaka kuanza siku ile. Kesho yake alikwenda, akachotwa damu, kikapelekwa kichupa mjini.

Siku majibu yaliporudi nilikuwa kwenye uzio wa shule, ng'ambo ya barabara, ambapo sauti za barazani husikika. Mzee aliitwa barazani, mke wake akiwa kando yake. Daktari alisema, dresa akarudia, sauti ile ile, benchi lile lile: "Bwana Daktari anasema damu yako ina kaswende. Uje Jumatano uanze sindano."

Hakumuuliza chochote. Baada ya yote tuliyomwambia, hakuitazama hata miguu yake!

"Eeh!" mke wa mzee alisema. "Na hii umeitoa wapi?"

"Ni buba, mke wangu. Buba!"

"Mwalimu alipofukuzwa, nani aliuliza kama ni buba?"

Mzee alimtukana daktari kwa Kisukuma, akamtukana dresa kwa Kiswahili, akashuka ngazi. Alivuka barabara moja kwa moja mpaka nilipokuwa.

"Mkwe," alisema, akihema. "Wameniambia mbele ya watu. Mbele ya watu, mkwe! Mtu mzima kama mimi!"

Aliniambia kama habari mpya. Ningeweza kumpiga.

Jioni binti yake alikuja kunieleza kwamba karani amekataliwa na mambo yamerudi kama yalivyokuwa. Nilimuuliza jambo lililokuwa likinila kwa wiki zote zile: na yeye, aliamini?

"Niliamini," alisema.

Nikaanza kupandisha sauti. Alinikatiza.

"Wewe mwenyewe uliamini. Baba amekataa siku ile ile, amewatukana, ameondoka. Wewe ulipanga foleni. Dresa anasimulia kwamba ukichomwa unasema asante. Ulitaka mimi niamini nini?"

Maneno hayo yalinikasirisha zaidi ya kaswende yenyewe.

"Ukienda Jumatano ijayo," alisema, "usije kwetu Alhamisi."

Sikwenda, ingawa sindano moja ilikuwa imebaki na nilikaa siku nzima nikiusikiliza ubongo wangu.

Tulioana pamba ilipouzwa. Shemeji alicheza kwa mguu mmoja na fimbo. Baba mkwe, pombe ilipokolea, aliwasimulia wageni jinsi hospitali ilivyomkuta na kaswende uzeeni. Alimwigiza dresa, akamwigiza mke wake, na watu wakacheka mpaka wakafuta machozi. Kisha akaninyooshea kidole: "Na huyu mkwe wangu naye!" Wakaangua kicheko tena, wote wamegeuka kunitazama. Mke wangu alinifinya kiganja ili nami nicheke.

Sikucheka.