Shilingi Iliyorudi Ujanani

Wenzangu huibiwa. Mimi nilikuwa naongezewa.

Msicheke. Hata mimi mwanzoni nilidhani akili imeanza kuniruka. Kuna mtu alikuwa anatoa sarafu yangu kuukuu kwenye kabati, na mahali pake anaweka nyingine ya aina ileile, mwaka uleule, ila nzuri kuliko yangu.

Mwizi gani huyo, jamani?

Nianze na mimi mwenyewe. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Kutwa nimeinama, lenzi jichoni, nachonga jino la mtu nisiyemjua mpaka lifanane na mengine kinywani mwake. Nikirudi nyumbani, badala ya kuyapumzisha macho, nakaa kutazama sarafu za kale za Uingereza.

Za madini halisi ya fedha. Shilingi, florini, nusu krauni, na krauni zenyewe, nene, nzito, ukiishika unajua umeshika kitu.

Mume wangu, fundi wa friji, ananiita Mama Lenzi.

"Mama Lenzi, kuna binadamu hapa naye anataka kutazamwa."

Kumbe aliyeniambukiza ugonjwa huu ni baba yake mzazi.

Baba mkwe alikuwa mchonga mihuri kabla ya kustaafu. Ndiye aliyenifundisha kushika sarafu kwa kingo zake, si kwa uso. Nisiisugue hata iwe nyeusi kama lami. Nianze kutazama palipoinuka, nywele za malkia juu ya sikio, shavu, ncha ya taji, maana huko ndiko sarafu huanza kulika. Kisha niiinamishe chini ya taa nione kama mng'ao unazunguka kama spoki za gurudumu la baiskeli, au umelala tu kama sufuria iliyotoka kusuguliwa.

"Usiipe gredi kwa sababu unaipenda," alikuwa akiniambia. "Ipe kwa kile unachokiona."

Ila yeye mwenyewe hakuwa akiona tena. Mtoto wa jicho alikuwa amemwingia macho yote mawili.

Alikuwa anaishi kwa wifi yangu, mshonaji wa mapazia. Jumapili mume wangu humleta kwetu, anamshika mkono mpaka kwenye kiti cha dirishani. Akimimina chai, nusu inaishia kwenye kisahani.

Akishakunywa anasema, "Mwanangu, niletee trei."

Nafungua kabati, nampa trei za mbao zenye vishimo, kila sarafu na kishimo chake. Anazipakata, anazipapasa moja moja, anatabasamu peke yake. Mimi naenda zangu jikoni. Nilikuwa namwonea huruma, siwezi kukaa kumtazama.

Sasa, Jumatatu moja natoka kazini, navuta droo.

Shilingi yangu ya 1887 ikanitazama.

Nasema ikanitazama kwa sababu ile yangu uso wake ulikuwa umelala. Nywele zimelika, ukizitazama ni kama kofia. Hii niliyoiona ilikuwa na unywele mmoja mmoja! Nikaiinamisha chini ya taa. Mng'ao ukazunguka mzunguko mzima.



Nikaigeuza. Nikaipima kwenye mizani ndogo. Uzito sawasawa. Kingo sawasawa. Si bandia. Ni shilingi yangu, imerudi ujanani.

Nikamwita mume wangu.

"Umegusa kabati langu?"

"Mimi? Nikaguse nikose amani ya ndoa?"

Akacheka. Lakini alicheka haraka mno, halafu simu yake ikaita, akatoka nayo nje. Nikamsikia ananong'ona, "Hapana, hajui. Usimwambie."



Hajui nani? Asiambiwe nini?

Kuanzia hapo sikutulia. Kazini nilichonga jino la mbele nikalifanya gego. Mteja akapewa, akarudi amefunika mdomo kwa kiganja, bosi wangu akaniuliza kama nyumbani kuna amani.

Wiki iliyofuata nusu krauni ikawa imebadilika. Kisha krauni ya 1845. Hiyo ndiyo iliyoniogopesha hasa. Yangu ilikuwa na mkwaruzo shingoni na kingo zimegongwagongwa. Hii iliyokuja ilikuwa na utando wa rangi ya moshi, buluu kwa mbali pembeni, utando wa miaka ambao hakuna mtu anayeweza kuutengeneza. Mkusanyaji akiipata kama hiyo haiachii hivi hivi.

Basi imeibwa, nikajiambia. Imeibwa mahali, na mume wangu anaificha kwangu. Nani atatafuta sarafu katikati ya sarafu?

Mngekuwa ninyi mngefanyaje?

Mimi nilinyamaza. Nikakagua mifuko ya suruali zake. Nikanusa mashati, sijui nilikuwa natafuta harufu gani, fedha haina harufu. Akiniambia "habari za kazi," najibu kama ninahojiwa polisi.

Jumapili, baba mkwe akiwa na trei mapajani, akaniuliza ghafla:

"Mwanangu, sarafu zako ziko vipi siku hizi?"

Nikaganda na birika mkononi.

Ningemwambia nini? Kwamba nahisi mwanawe ni mwizi?

"Ziko vilevile, baba."

"Hujaona jipya lolote?"

"Hakuna jipya."

Vidole vikasimama juu ya trei. Halafu akasema taratibu, "Haya," akaniomba nimwondolee. Siku hiyo hata chai hakuimaliza.

Sikuelewa. Nilidhani amechoka.

Nikaamua kutega mtego. Nilichukua uzi mwembamba, wa rangi ya mbao, nikaupitisha kwenye droo zote na kuubandika pande mbili kwa nta ya kazini. Atakayevuta droo lazima aukate. Wiki nzima nikawa naamka, naangalia uzi. Narudi kutoka kazini, naangalia uzi. Haukuguswa. Jumapili niliukata mwenyewe kumpa baba mkwe trei, alivyomaliza nikazirudisha na kubandika mwingine.

Jumatatu uzi mzima.

Nikafungua. Shilingi nyingine imebadilika.

Weee! Nilikaa chini sakafuni. Uzi haujakatika, sarafu imebadilika. Nikafikiria majini. Nikasema hapana, jini lenye kujua gredi kiasi hiki lingekuwa na duka lake.

Jibu lilinijia kazini asubuhi ya siku iliyofuata, nimeshika taya la plasta. Trei zile zilitoka kabatini mara moja tu. Na zilitoka kwenda mikononi mwa nani?

Kwa mzee asiyeona kisahani cha chai.

Lakini vidole vile vilichonga mihuri maisha yake yote. Na mpangilio wa trei zangu, kila sarafu na mahali pake, ni yeye aliyenipangia.

Nikampigia mume wangu.

"Baba ndiye anayebadilisha sarafu zangu."

Nikasikia spana yake ikianguka sakafuni.

"Unanisikia? Ananiwekea nzuri, anachukua mbovu. Kwa nini?"

"Mama Lenzi..." Sauti ikambadilika. "Anaweka nzuri? Una uhakika ni nzuri?"

"Kama hilo sina uhakika nalo, nina uhakika na nini duniani?"

"Mungu wangu. Dada amempeleka kwa sonara leo. Wanakwenda kuziyeyusha sarafu zake zote."

Ndipo akanieleza kwa pumzi moja. Baba anahitaji upasuaji wa macho, na pesa hakuna. Alikuja mnunuzi mmoja, akazitazama sarafu za baba juu juu, akasema za kawaida tu, uzeni kwa uzito. Wifi akamwamini. Baba akabisha, kisha akaomba apewe muda kidogo, na mimi nisiambiwe kitu. Akasema ana njia yake ya kujua. Sasa wiki hii akasema, "Basi. Uzeni."

Sikumaliza kusikiliza. Nilitoka na koti la kazini, lenzi bado iko kwenye paji la uso. Watu barabarani wakanipisha, nadhani waliniona nimetoroka mahali.

Karakana ya sonara ilikuwa chumba kimoja cha moto. Feni inavuma, haisaidii. Wifi amesimama na mkoba wake kifuani. Baba mkwe yuko kwenye benchi karibu na mlango, mikono mapajani, uso ameuelekeza ukutani. Juu ya moto kulikuwa na chungu cha kuyeyushia, na sonara alikuwa anamimina.

Kitu cheupe, chepesi, kinachong'aa, kikashuka kwenye kalibu kama maziwa.

"Simamisha!" nikapiga kelele. "Simamisha moto!"

Sonara akashtuka, lakini mkono haukutetemeka. Akamaliza kumimina. "Dada, ukinigutua na hiki mkononi nitakufa mimi, si wewe."

"Wifi, kuna nini?" wifi akauliza. "Umekuja kunizuia? Baba anapofuka, mnataka nifanye nini? Mimi ndiye ninayemshika ukutani akienda chooni!"

Alikuwa analia. Na alikuwa na haki.

"Zimeingia zipi?" nikamuuliza sonara.

"Hizi kubwa kubwa kidogo. Florini."

"Zote?"

"Zote."

Baba mkwe akageuza kichwa kuifuata sauti yangu. "Umefuata nini huku, mwanangu?"

Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba, zile ulizoniwekea ni nzuri. Ile shilingi ya 1887 kama imetoka kiwandani jana. Krauni ina rangi yake, haijaguswa. Niliziona zote. Tangu ile ya kwanza niliiona."



"Uliiona?"

"Siku ileile."

"Nilikuuliza. Ukaniambia ziko vilevile."

Nikaishika mikono yake.

"Yule mnunuzi alisema za kawaida," akaendelea, kwa sauti ndogo kabisa. "Nami sioni. Nikajiuliza, labda tangu zamani nilikuwa najidanganya. Labda nilikuwa nazipa gredi kwa mapenzi. Nikasema nitamwekea mkwe wangu, bila kumwambia ni za nani. Kama kweli ni nzuri, atashtuka, atanisimulia."

"Kwa nini hukuniuliza tu, baba?"

"Ningekuletea mkononi, nikakuambia hii ni yangu, ungejibuje?"



"Ningesema ni nzuri."

"Hata ingekuwa mbaya?"

"Hata ingekuwa mbaya, baba."

"Umeona?" akasema. "Nilitaka macho yasiyo na adabu."

Sonara alikuwa ameshazima feni. Chumba kizima tulimsikia wifi akivuta makamasi.

Sonara akasogeza bakuli lililobaki kuelekea kwangu kwa ncha ya koleo. "Tazama basi."

Nikashusha lenzi jichoni. Nikaegemeza viwiko mezani. Nikaanza kusema kwa sauti, moja baada ya nyingine, mbele ya wifi, bila kupamba. Hii nzuri sana. Hii ya kati, taji limelika. Hii ilisuguliwa na mtu asiye na huruma, tazama mistari. Hii nzuri. Hii ni yangu, mbovu, baba aliichukua kwangu. Hapo sonara akacheka, wifi naye akacheka katikati ya machozi.

Nilivyotaja kasoro, baba mkwe alikuwa anatikisa kichwa kukubali. Nilivyotaja nzuri, hakutikisa. Alikuwa anasikiliza tu.

"Na florini?" akauliza mwishoni.

"Zimeyeyuka, baba."

"Ile ya kwanza niliinunua kabla huyu hajazaliwa," akasema, akanyoosha mkono hewani kumtafuta bintiye. Wifi akaushika. "Usilie. Wewe ulikuwa unataka nione."

Ya mwisho ni mafupi. Krauni ile ya 1845 niliipeleka mwenyewe kwa mkusanyaji mmoja mtulivu, mtu wa kutazama kabla ya kuongea. Aliitazama mpaka chai yake ikapoa. Peke yake ililipia jicho la kulia na la kushoto. Yule mnunuzi wa kwanza alirudi kuulizia "zile sarafu za kawaida." Wifi alimfungia mlango na mkasi wa mapazia mkononi.

Na mume wangu? Nilimwomba msamaha kwa kumnusa mashati. Bado ananidai maelezo.

Siku baba mkwe alipofunguliwa bandeji ya pili, tulikuwa sote kando ya kitanda chake. Akanitazama kwanza mimi, kwa muda.

"Umenenepa," akasema.

Kisha akaomba sarafu. Nikampa nusu krauni moja ya zile nilizozitangaza kwa sonara kuwa nzuri sana. Akaishika kwa kingo, akaiinamisha dirishani, akakunja uso.

"Hii umeikosea. Shavuni pamepitiwa na kitambaa. Shusha daraja moja."

"Baba, haijapitiwa na kitu."

"Imepitiwa."

"Haijapitiwa! Lete hapa nikuonyeshe."

Wifi akatumbua macho. Mume wangu akaacha mdomo wazi. Tangu niolewe, hilo ndilo neno la kwanza la kumpinga baba mkwe lililowahi kunitoka. Mzee akanyoosha mkono kunipa ile sarafu, akiwa anacheka mpaka muuguzi akaja kuangalia.

Ninachowaachia ni hiki. Mtu akikuuliza umeona nini, mwambie ulichokiona. Mimi nilificha nikidhani namstahi, kumbe lile "ziko vilevile" langu mzee alilipokea kama jibu la kweli, akaenda nalo mpaka kwenye moto.

Na ile nusu krauni, kweli ilikuwa imepitiwa na kitambaa.