Meneja na Sahani za Idi

Harufu ya punda aliyelowa mvua haitoki kwenye sare ya shule, hata uifue kwa sabuni gani. Naijua vizuri, na bado inanikera. Punda wetu, Meneja, alilala kwenye kibanda cha mabati nyuma ya jengo letu la kupanga pale mtaani Pipeline. Kila asubuhi kabla ya shule nilimkwangua matope kwatoni, nikampaka mafuta palipochubuliwa na kamba, nikamwekea nyasi alizokata Mama kando ya barabara. Mama aliuza maji kwa mkokoteni. Meneja akiugua, sisi hatuli, kwa hiyo chakula chake kilikuwa na sheria: nyasi kavu, pumba kidogo, maji safi. Basi.

Sheria hiyo majirani hawakuisikia. Walikuwa na roho nzuri ya kuudhi! Mmoja alimrushia maganda ya viazi kutoka juu, mwingine ugali wa jana, mwingine chapati. Mama aligombeza mpaka sauti ikakauka. Wakamwitikia kwa heshima zote, kisha wakaendelea.

Siku ya Idi nilimkuta Meneja amelala, anagaagaa, tumbo limevimba na kukaza. Mbele yake sahani za wali zilikuwa zimelambwa zikang'aa. Mama alitoka mbio.

"Nani amempa wali?"

"Mimi, mwenzangu, lakini kidogo tu," akasema Mama Zuhura wa chumba cha chini. "Sikukuu hii, sote tule, yeye atutazame?"

"Hata mimi nilimpea kidogo tu, Mama Atieno," akasema mlinzi wa lango.

Kila aliyeulizwa alimpa kidogo tu. Jengo lilikuwa na orofa saba, na hakuna aliyejua kwamba mwenzake ameshashuka na sahani. Nilitaka kupiga mtu, lakini ungeanza na nani? Tulimwinua, tukamtembeza kuzunguka jengo, kina mama wakimsukuma wakiwa na kanzu mpya na hina mikononi. Daktari wa mifugo alipofika, Meneja alikuwa ameanguka tena, safari hii hakuinuka.

Waliomuua ndio waliolia kuliko sisi. Jioni hiyo walituletea vyakula mpaka tukakosa pa kuviweka. Mama hakugusa kitu. Kesho yake aliingia mwenyewe kwenye mikono ya mkokoteni akauvuta, na watu walewale wakaja kusukuma nyuma, wakimwambia namna ya kukata kona. Mama aliikata kwa namna yake.

Sasa naishi mtaa mwingine, Donholm, na nikienda Pipeline naona maji yakiletwa na tuktuk. Tuktuk huzimwa, hufungwa, mwenyewe akaenda zake. Hakuna anayeishukia na sahani, hakuna anayeijua kwa jina. Ni salama kabisa. Nami, niliyewakasirikia watu wale miaka yote hii, husimama pale nikaitazama, nikakasirika upya.